Tela dogo linayumba ukiliegesha? Tafuta chanzo kabla ya kubadilisha miguu

Tela dogo la ekseli moja, liwe la kulala familia ikienda Ushongo au la kuuzia chipsi na mishikaki pale Raskazone, limekaa juu ya matairi mawili na springi zake. Springi hizo zimetengenezwa zicheze barabarani, na ukiliegesha haziachi kucheza. Mtu akipanda mlangoni upande mmoja unashuka, akigeukia jiko unapanda tena. Ukiwa na karai la mafuta ya moto juu ya jiko, hiyo ni hatari ya kuungua mtu.

Ndiyo sababu tela linafungwa miguu minne ya kutuliza, miwili mbele na miwili nyuma. Na linapoyumba, lawama zote huangukia miguu hiyo. Mwenye tela anaagiza jeki kubwa zaidi, fundi anazichomelea, na jioni tela linayumba vilevile. Nimeona miguu mizima kabisa ikikatwa na kuuzwa chuma chakavu wakati ubovu ulikuwa kwenye bolti mbili zilizolegea, au kwenye mchanga chini ya kitako cha mguu. Kwa hiyo tuzipitie dalili kwanza. Mwishoni utajua kama unahitaji miguu mipya, na ni ya namna gani.

Kabla ya yote, elewa kazi ya mguu huu. Unazuia tela lisicheze baada ya tela kusawazishwa kwa njia nyingine. Haukuwekwa pale kuinua wala kusawazisha. Jeki nyingi za mkasi zinazouzwa kwa ajili ya matela zimeandikwa uwezo wa pauni 5,000, karibu kilo 2,270, na watu wakiiona namba hiyo wanaanza kuinulia tela zima. Hata kama jeki itaubeba mzigo huo, chasisi ya tela dogo haikuundwa ibebwe kwenye kona zake. Imeundwa ibebwe kwenye ekseli na kwenye chuma cha mbele cha kukokotea.

Tela linayumba ingawa miguu yote imegusa chini

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na ina vyanzo vingi kuliko nyingine zote, kwa hiyo usiiharakishe.

Mwambie kijana aingie ndani atembee polepole kutoka mlangoni hadi mwisho wa tela, arudi. Wewe piga goti nje, uso wako uwe karibu na mguu wa nyuma. Tazama sehemu tatu kwa zamu: kitako kinapokanyaga ardhi, pini za maungio ya mguu wenyewe, na pale mguu ulipofungwa kwenye chasisi. Rudia kwa kila mguu. Sehemu inayocheza utaiona kwa macho, na ukiweka kidole kati ya vyuma viwili utaihisi hata kabla hujaiona.

Kitako kikiinuka kutoka ardhini hata kwa unene wa sarafu, mguu huo haujabeba kitu. Kosa hapo ni la utaratibu wa kuegesha. Utaratibu unaofaa ni huu: kwanza sawazisha kulia na kushoto kwa kulipandisha tairi la upande wa chini juu ya ubao, ukitumia pima maji iliyolazwa sakafuni karibu na mlango. Weka kabari mbele na nyuma ya kila tairi. Ndipo ulitenganishe tela na gari, na usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya mbele. Miguu inakuja mwisho. Ishushe mpaka iguse, kisha kaza kidogo mpaka uhisi springi zimeanza kupunguziwa mzigo, basi.

Kuna njia moja ya mafundi ambayo inafanya kazi vizuri sana. Kabla ya kushusha miguu ya nyuma, teremsha pua ya tela kidogo chini ya usawa wake. Nyuma itainuka. Shusha miguu ya nyuma iguse ardhi, halafu pandisha pua irudi kwenye usawa. Nyuma yote itaikalia miguu kwa uzito wake, bila wewe kuhangaika na spana. Baada ya hapo malizia miguu ya mbele.

Kama vitako vimetulia lakini pini za mguu zinacheza kwenye matundu yake, tundu limekuwa yai. Hilo ni chakavu la kweli. Pini mpya peke yake haitasaidia kwa sababu tundu limeshapanuka. Litobolewe upya kwa saizi kubwa zaidi na pini nene iwekwe, au mguu ubadilishwe.

Kama kinachocheza ni pale juu, kwenye chasisi, chukua tochi uangalie bolti. Bolti iliyolegea inajisema yenyewe: pembeni ya washa kuna duara jembamba la chuma kinachong'aa, rangi imesuguliwa ikaisha, na chini yake vumbi jekundu jekundu la kutu iliyosagwa. Vumbi hilo likiwa bichi, bolti inacheza sasa hivi. Kaza, na kama nati imeshachoka weka nati mpya yenye plastiki ndani inayoshika meno.

Sasa, inawezekana sehemu zote tatu zimekaza na tela bado linayumba. Angalia linayumba kuelekea wapi. Likipanda na kushuka, rudi kwenye utaratibu. Lakini likienda mbele na nyuma, au likilala kulia na kushoto huku vitako vimetulia, tatizo ni umbo. Mguu uliosimama wima unazuia mzigo wa kushuka tu; msukumo wa pembeni unaukuta umesimama peke yake, na kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyopinda. Dawa ya msukumo wa pembeni ni chuma cha mshazari kutoka karibu na kitako hadi kwenye chasisi, ili mguu, chasisi na mshazari vifanye pembetatu. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja wake urefuke, upinde au ukatike. Bomba jembamba la mraba lenye pini ya kuchomoa linatosha kwa tela dogo, na linatoa matokeo ambayo jeki kubwa iliyosimama wima haitaleta. Kwa kwenda mbele na nyuma, hakikisha pia kabari zimebana matairi kwelikweli. Kabari iliyoachia upenyo wa kidole ni sawa na kutokuwepo.

Ulilala tela likiwa sawa, asubuhi limeinama

Mguu umezama. Pwani yetu hii ina mchanga, matumbawe, na ukiingia ndani kidogo kuelekea Muheza udongo mwekundu. Ukishuka kusini kwenye barabara ya Pangani na Saadani utakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka ni mgumu na ukinyeshewa unameza kila kitu.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mguu uliobeba kilo 200. Kitako cha kiwandani chenye upana wa sentimita 10 kwa 10 kina eneo la sentimita za mraba 100, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba kilo 2. Weka chini yake ubao wa sentimita 30 kwa 30. Eneo sasa ni 900, na kila sentimita inabeba gramu 220 hivi. Mzigo ni uleule, ardhi inaubeba kwa wepesi mara tisa. Hakuna jeki ya bei yoyote itakayokupa tofauti hiyo.

Ubao uwe mnene, sentimita 4 au zaidi, la sivyo utapinda katikati na kona zake zitaning'inia bila kazi. Sisi watu wa Tanga tuna bahati: shamba la mitiki la Longuza liko Muheza, na mabaki ya mbao za mitiki hustahimili maji na wadudu kuliko mbao laini. Usitumie tofali la saruji. Tofali likielemewa kwenye sehemu moja linapasuka ghafla, bila onyo.

Ukiegesha ufukweni, tafuta mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya mwisho kujaa, na kaa mbali juu yake. Kumbuka pia kwamba siku zikielekea bamvua maji yatapanda kuupita mstari huo. Hata kama hayakufikii, mchanga chini yako unalowa kwa ndani na miguu inaanza kushuka. Wakati wa masika nenda ukaikague miguu kila baada ya mvua kubwa, na ukikaza, kaza kwa kufuata pima maji. Kukaza ule mguu mmoja tu uliolegea bila kupima ndiko kunakopeleka watu kwenye dalili inayofuata.

Mlango haufungi baada ya kushusha miguu

Hii ichukulie kwa uzito kuliko zote. Mlango ulikuwa unafunga vizuri tela likiwa kwenye gari, sasa umegoma, au dirisha limebana, au droo ya jikoni inafunguka yenyewe. Chasisi imepindishwa: kona moja imesukumwa juu na ile ya mkabala imebaki chini.

Legeza miguu yote minne sasa hivi, usijaribu mmoja mmoja. Subiri tela likae kwenye springi zake, kisha jaribu mlango. Ukifunga, umeokoka, anza utaratibu upya kwa kusawazisha na mbao chini ya matairi. Usipofunga hata miguu ikiwa juu, kagua viungo vya chasisi vilivyochomelewa, hasa kwenye kona na pale chuma cha kukokotea kinapoungana na fremu. Tafuta mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ufa huonekana hivyo kabla haujafunguka. Tela lenye ufa sehemu hiyo halifai kurudi barabarani mpaka litengenezwe.

Na kwa sababu watu huingia chini kukagua: usiingie chini ya tela linaloshikiliwa na miguu ya kutuliza peke yake. Liache limefungwa kwenye gari lenye breki ya mkono, kabari kwenye matairi, na stendi imara za chuma chini ya ekseli.

Jeki ni ngumu kuzungusha, inalia, au inakwama

Kwenye jeki ya mkasi, kwanza angalia unaanzia wapi. Mikono yake ikiwa imelala karibu chini, nyuzi 10 tu kutoka ardhini, skrubu inavutwa kwa nguvu inayokaribia mara 6 ya uzito ulio juu yake. Mikono ikifika nyuzi 45, nguvu hiyo inalingana na uzito wenyewe. Kwa hiyo mtu anayekaza mkasi ulioinuka kidogo tu anaitesa skrubu bila kujua, na ndipo meno yanapolika. Ukiifungua hadi mwisho, nayo inarefuka na kuyumba. Pazuri ni katikati. Kama tela lako liko karibu na ardhi, tengeneza sehemu ya kuifungia iliyo juu zaidi. Kama liko juu sana, weka mbao chini ya kitako mpaka jeki ifanye kazi ikiwa nusu wazi.

Baada ya hapo angalia skrubu. Ufukweni grisi nyingi ni adui. Inashika mchanga, na mchanga ndani ya grisi unasaga meno ya skrubu na ya nati kila unapozungusha. Oili chafu ndiyo mbaya zaidi, maana inashika mchanga uleule na haina faida nyingine. Osha skrubu kwa mafuta ya taa na brashi ya waya mpaka uone chuma, kausha, kisha weka kilainishi kikavu cha grafiti au silikoni. Grisi iweke tu kwenye bereingi iliyofunikwa, kama jeki yako inayo. Zungusha jeki mpaka mwisho na kurudi, ukitazama skrubu ikizunguka: ikionekana inapanda na kushuka badala ya kuzunguka pale pale, imepinda, na skrubu iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo.

Chumvi ya baharini inamaliza kazi ambayo mchanga umeianza. Baada ya safari ya ufukweni miguu ioshwe kwa maji baridi, na hapa angalia unaosha kwa maji gani; visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji yenye chumvi, na kuosha kwa hayo ni kuongeza ulichokuwa unakitoa.

Mguu unalegea wenyewe

Kama haujazama, ni mtikiso. Jenereta iliyowekwa juu ya chuma cha mbele cha tela ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ishushe chini, iwe mbali na tela. Ikiendelea, nati ya ndani ya jeki imelika na meno hayashiki tena. Badilisha jeki.

Mguu unakwangua barabarani

Aidha haukupandishwa mpaka mwisho, au klipu ya kuushikilia imechoka, au ulifungwa chini mno. Matuta ya barabarani hayana huruma na mguu unaoning'inia sentimita chache chini ya chasisi, hasa wa nyuma, ambao uko mbali na ekseli na hushuka zaidi tela linapopanda tuta. Usiuhamishie mbele bila kufikiri, kwa sababu mguu ulio karibu na ekseli hautulizi sana. Upandishe juu zaidi kwenye chasisi.

Sasa umeamua kubadilisha miguu

Kama umepita humo kote na pini zimekuwa yai, meno yamelika, au miguu uliyonayo ni ile stendi mifupi ya kuweka na kuondoa kwa mkono ambayo haijaungana na tela, basi badilisha kwa moyo mweupe. Stendi hizo zinazuia kushuka tu, na tela likitikiswa zinaweza kuhama.

Kwa tela dogo napendelea aina mbili. Mguu wa kukunja unaoshuka kwa mshazari kwenda nje ya kona una kitako kilicho mbali na katikati ya tela, na ule mshazari unasaidia dhidi ya kuyumba pembeni. Jeki ya mkasi ni imara na rahisi kutengenezwa upya, ila inahitaji nafasi ya wima na inapenda kufungwa mahali inapofanya kazi ikiwa katikati. Miguu ya umeme inapendeza, lakini pembeni ya bahari ni waya, swichi na mota vitatu zaidi vya kulindwa dhidi ya chumvi. Kwa tela la mtu mmoja na mkewe siioni faida yake.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Chasisi za matela mengi madogo ni bomba la chuma chembamba. Ukipitisha bolti na kukaza, bomba linabonyea, bolti inalegea baada ya safari moja, na unarudi kwenye lile duara linalong'aa. Weka kipande cha bomba dogo ndani ya tundu ili bolti ikazie juu yake, au sahani ya chuma pande zote mbili. Kama chasisi ni ya umbo la C, toboa kwenye ubavu wake, katikati ya kimo; mdomo wa juu na wa chini ndio unaobeba mzigo, usiuguse. Tumia bolti za M10 au M12 zenye chapa 8.8 kichwani. Chagua zilizozamishwa kwenye zinki, zile za kijivu butu. Zile zinazong'aa dukani zina zinki nyembamba, na upepo wa bahari unaimaliza mapema.

Ukichomelea, ondoa kwanza terminali za betri ya tela, na tenganisha tela na gari. Klipu ya ethi ifungwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chasisi hiyohiyo. Ikifungwa kwenye gurudumu au upande wa pili wa ekseli, umeme unapita kwenye bereingi na kuziachia vidonda ambavyo utavisikia baadaye zikianza kuvuma njiani. Saga zinki yote iishe sehemu ya kuchomelea na simama upande upepo unakotoka, kwa maana moshi wa zinki unaleta homa. Usichomelee chochote kwenye chuma cha kukokotea. Ukimaliza, brashi ya waya, praima, rangi, na rangi hiyo ifike ndani ya matundu pia.

Vichwa vya skrubu vya jeki nyingi za mkasi ni vya inchi 3/4, na soketi ya 19 inaingia. Ukitumia drili, iweke kwenye mwendo wa taratibu, shusha mguu mpaka uguse ubao, kisha iache drili umalizie kwa mkono. Drili haihisi chasisi inapoanza kuinuka, mkono unahisi.

Baada ya safari ya kwanza yenye sehemu ya vumbi, hata ya kwenda Pangani na kurudi, pitia bolti zote kwa spana kabla hujaegesha tena. Rangi mpya hukandamizwa chini ya washa, na bolti iliyokuwa imekaza karakana hukutwa ina robo mzunguko wa kukaza. Ukizipitia mara ya pili na spana isisogee, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku mstari huo ukikatika, utajua ni bolti ipi bila kupiga goti.